Samli, Jibini na Kifafa: Ulaji wa Ketojeniki Usio na Nyama katika Bonde la Kilombero

Lita moja ya maziwa ya ng'ombe wa kienyeji huwa na mafuta gramu 45 hadi 50 hivi, protini gramu 30 na ushee, na laktosi, yaani sukari ya maziwa, karibu gramu 48. Kazi yote ya mtengeneza siagi, samli na jibini ni kuvitenga vitu hivyo vitatu. Ulaji wa ketojeniki nao unavitazama vitu hivyohivyo: unataka cha kwanza kwa wingi usio wa kawaida, cha pili kwa kipimo, na cha tatu karibu kisiwepo. Ndiyo maana mtu asiyekula nyama wala samaki, akiingia katika ulaji huu, hujikuta anaishi kwa maziwa, lakini si kwa kunywa maziwa.

Mwili wa kawaida huendeshwa na glukosi inayotokana na wanga: wali, ugali, ndizi, mihogo, pamoja na sukari ya chai. Wanga ukikatwa, akiba ya glukosi iliyomo kwenye ini humalizika ndani ya siku moja au mbili. Hapo ini huanza kuyavunja mafuta na kutengeneza ketoni, chembe ndogo zinazoyeyuka katika damu na kufika hadi kwenye ubongo, ambao hauwezi kujiendesha kwa mafuta yenyewe. Iliyo nyingi zaidi kati ya ketoni hizo huitwa beta-hidroksibutireti, na jina hilo limebeba siagi ndani yake: butyrum ni siagi kwa Kilatini, na asidi ya butiriki, yenye kaboni nne kama ketoni hiyo, ilitambuliwa kwanza katika siagi. Mtu aliyekaa siku kadhaa bila kula hutoa ketoni zilezile. Ulaji wa ketojeniki unauweka mwili katika hali ya mtu mwenye njaa huku sahani yake ikiwa imejaa.

Wazo hilo lilianzia kwa wagonjwa wa kifafa. Ilikuwa imeonekana tangu zamani kwamba mgonjwa wa kifafa akifunga kula, vipindi vyake hupungua. Mwaka 1921 Russell Wilder, daktari wa Mayo Clinic nchini Marekani, alipendekeza kupata matokeo hayohayo kwa chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo, na ndiye aliyeupa ulaji huo jina lake. Dawa ya fenitoini ilipoingia mwaka 1938, chakula kiliachwa nyuma, kikarudi kwa nguvu katika miaka ya 1990. Jaribio lililochapishwa London mwaka 2008 liliwahusisha watoto 145 ambao dawa zilikuwa zimewashindwa. Baada ya miezi 3, asilimia 38 ya waliopewa ulaji huu walikuwa wamepungukiwa na zaidi ya nusu ya vipindi vyao, dhidi ya asilimia 6 ya wale waliosubiri bila kubadilishiwa chakula.

Kabla haujawa njia ya kupunguza unene, basi, ulaji huu ni tiba ya kifafa, na kifafa hakiko mbali na Ifakara, mji wa bonde la Kilombero. Kusini ya mto Kilombero, kwenye milima ya Mahenge wilayani Ulanga, ugonjwa huu umeenea kuliko sehemu nyingi duniani. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuwatibu wagonjwa kwa fenobabito, dawa ya bei nafuu inayomezwa mara moja kwa siku. Ni yeye aliyeandika kwanza habari za watoto waliokuwa wakiangusha kichwa mbele kwa mfululizo kama wenye usingizi, hali ambayo wenyeji waliieleza kwa maneno ya wazi kabisa: kusinzia kichwa. Miongo kadhaa baadaye hali hiyohiyo ilijitokeza kaskazini ya Uganda na Sudan Kusini. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha uhusiano kati ya kifafa cha namna hii na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Tiba ya kwanza kwa wagonjwa hao inabaki kuwa dawa, na kinga ni dawa ya aivamektini inayogawiwa kwa jamii nzima. Lakini duniani kote karibu theluthi moja ya wenye kifafa hawapati utulivu kamili kwa dawa. Mgonjwa akishapewa dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa na kumezwa sawasawa bila mafanikio, ndipo suala la chakula linapostahili kuwekwa mezani.

Mezani, katika bonde la Kilombero, kuna wali. Uwanda huu ni mojawapo ya maghala ya mpunga ya Tanzania, na bakuli la wali la gramu 250 lina wanga wa gramu 70 hivi. Ulaji wa ketojeniki wa mtu mzima huruhusu gramu 20 hadi 50 kwa siku nzima, na ule wa tiba ya watoto huweza kushuka chini ya hapo. Bakuli dogo la maharage, gramu 150, linamaliza gramu 20 na kupita. Hapo ndipo asiyekula nyama anapobanwa pande zote mbili. Mlaji wa samaki ana perege na kambare wa mto, wasio na wanga hata kidogo. Asiyekula nyama wala samaki, protini yake ya kila siku iko katika maharage, kunde, choroko na mbaazi, na zote zinakuja zimefungwa pamoja na wanga. Kinachobaki ni mayai kwa wanaoyala, karanga na ufuta kwa kiasi, na maziwa yaliyoondolewa sukari yake. Wasabato wengi waliojiwekea kutokula nyama hula mayai. Wahindu wengi wa asili ya Gujarati, jamii ya zamani katika miji ya Tanzania, hawali, na kwao maziwa ndiyo nguzo pekee.

Maziwa yenyewe si ya zamani sana bondeni. Kwa vizazi vingi ndorobo waliufanya uwanda huu kuwa mahali pa hatari kwa ng'ombe, kwa sababu ya nagana, ugonjwa wa mifugo wanaoueneza, na Wandamba, Wapogoro na Wambunga waliishi kwa mpunga, uvuvi na uwindaji. Makundi makubwa ya ng'ombe yaliingia katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita na mwanzoni mwa hii, yakiletwa na Wasukuma, Wamaasai na Wabarbaig, ambao wengi huwaita Wamang'ati, waliofuata majani mabichi yanayobaki mbugani mafuriko yanaposhuka. Mwaka 2002 bonde liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo iliyozidi. Wafugaji waliobaki ndio wanaoleta maziwa mjini, kwa baiskeli na bodaboda, ndani ya madumu ya plastiki. Ng'ombe wao wa nundu hutoa lita moja au mbili tu kwa siku, pungufu mno kuliko ng'ombe wa kisasa, lakini maziwa yake ni mazito kwa mafuta: asilimia 4.5 hadi 5, wakati ya ng'ombe weusi na weupe wa Ulaya hukaa karibu na 3.5. Anayetafuta mafuta hana sababu ya kuyadharau maziwa ya kienyeji.

Ulaji wa ketojeniki wa tiba hupimwa kwa uwiano. Gramu za mafuta zinawekwa upande mmoja. Gramu za protini na za wanga zinajumlishwa upande wa pili. Ule mkali huitwa nne kwa moja: gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya vile viwili vingine. Uko pia wa tatu kwa moja, na uko uliolegezwa, uliobuniwa Johns Hopkins nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2003, unaokaa kati ya moja kwa moja na mbili kwa moja, usiohitaji kila tonge kupimwa kwenye mizani. Kipimo hiki kikishaeleweka, kila kitokacho kwenye maziwa hupata nafasi yake. Maziwa mabichi yana uwiano wa 0.6 kwa 1, yaani hayafai. Jibini gumu la aina ya cheda, lenye mafuta gramu 33, protini gramu 25 na wanga gramu moja au mbili katika kila gramu 100, lina 1.25 kwa 1. Krimu nzito ina 7 kwa 1. Samli ni mafuta karibu yote, haina upande wa pili.

Hapa pana kosa ambalo watu wengi hulifanya kwa nia njema. Jibini linasifiwa kuwa chakula cha mafuta, mtu analila kwa wingi, kisha anashangaa ketoni hazipandi. Jibini ni chakula cha protini kilichobeba mafuta. Likiliwa peke yake, kwa wingi, protini ya ziada hugeuzwa na ini kuwa glukosi na kuzipunguza ketoni. Mafuta ya ulaji huu hutoka kwenye siagi, krimu na samli. Kazi ya jibini ni kushika nafasi ya kitoweo. Mfano mmoja wa hesabu unatosha. Kipande cha cheda cha gramu 25 kina mafuta gramu 8.3, na protini pamoja na wanga gramu 6.6. Ili kifike tatu kwa moja, kinahitaji mafuta gramu 20 kwa jumla, kwa hiyo lazima kiongezewe gramu 12 za samli, karibu kijiko kimoja cha mezani. Kwa nne kwa moja kinahitaji kuongezewa gramu 18 za samli. Kipande chenyewe hakizidi ukubwa wa vidole viwili. Katika ulaji uliolegezwa, kipande hichohicho kinafaa kama kilivyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya ulaji huo kumfaa zaidi asiyekula nyama.

Kuyatoa mafuta kwenye maziwa huanza kwa subira tu. Matone ya mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo maziwa yaliyotulia usiku kucha huinua utando mzito juu. Yaliyochemshwa na kupoa hutoa malai, ngozi ya rangi ya njano hafifu inayokunjika mwiko ukipitishwa. Kwa siagi, maziwa huchemshwa kwanza, yakipoa hutiwa kijiko cha mtindi wa jana, yakaachwa yagande hadi alfajiri. Alfajiri ni saa ya makusudi. Matone ya mafuta hushikana vizuri kwenye joto la nyuzi 18 hadi 20 hivi; jua la Ifakara likishapanda, siagi huwa laini kama uji na haitengani na maziwa. Kibuyu au ndoo yenye kifuniko husukwa kwa mwendo mmoja, nusu saa au zaidi, na sauti ndiyo inayoeleza: mwanzo ni mlio mwepesi wa maji, halafu unakuwa mzito, halafu ghafla kinasikika kitu kikigonga ubavuni. Hicho ni siagi. Huokotwa, huoshwa kwa maji baridi mara tatu au nne hadi maji yatoke meupe yasiyo na ukungu, maana tone la maziwa lililobaki ndani ndilo linaloichachusha.

Siagi ina mafuta asilimia 80 tu. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Kuifanya samli ni kuyafukuza maji hayo. Sufuria nzito huwekwa kwenye moto mdogo, siagi inayeyuka, povu jeupe linapanda, kisha inaanza kutoa mlio wa kukatakata kama mvua ya rasharasha juu ya bati. Mlio ukinyamaza, maji yameisha. Chini ya sufuria punje za protini zinageuka rangi ya karanga zilizokaangwa, na harufu inabadilika. Wakati huo moto huondolewa mara moja, na samli huchujwa kwa kitambaa safi kikavu. Lita 20 za maziwa hutoa chini ya kilo moja ya samli, kwa sababu kusuka kwa mkono hakutoi mafuta yote. Sehemu hubaki katika maziwa yaliyosukwa, ambayo familia huyanywa. Samli iliyotengenezwa hivyo hukaa miezi kadhaa bila friji, na hii ndiyo sababu wafugaji wa Kanda ya Ziwa waliweza kuiuza mbali enzi za ukoloni, wakati maziwa yenyewe yasingefika hata mji wa jirani. Kina mama wa Kisukuma waliohamia bondeni walikuja na ujuzi huo mikononi. Wanaotafuta tiba ya mafuta mengi Ifakara wanaweza kuukosa ujuzi wa hospitali, samli hawaikosi.

Jibini ni habari nyingine. Linataka ubaridi, chumvi, muda na maziwa mengi: kilo moja ya jibini gumu hula lita 10. Nchini Tanzania linatengenezwa zaidi nyanda za juu, na Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, imejijengea jina kwa jibini lililoanza kwa msaada wa shirika la Kiitalia la CEFA. Reli ya TAZARA inapita Makambako, mkoani humo, na kuteremka kupitia Mlimba hadi Ifakara, kwa hiyo umbali si mkubwa. Kikwazo ni joto la uwandani na bei. Hata hivyo liko jibini lisilohitaji baridi wala kusubiri. Maziwa huchemshwa, hutiwa maji ya ndimu kidogokidogo huku yakikorogwa taratibu, na kaseini, protini kuu ya maziwa, hujikusanya mabongebonge meupe yakiwa yameshika mafuta ndani yake. Maji ya kijani hafifu yanayobaki huchujwa, bonge hufungwa kwenye kitambaa na kukandamizwa kwa jiwe kwa saa moja. Wahindi huliita paniri. Lita moja ya maziwa hutoa karibu gramu 150, na uwiano wake ni wa moja kwa moja hivi. Huliwa siku hiyohiyo au kesho yake, likikaangwa kwa samli pamoja na mchicha.

Kwa asiyekula nyama kwa imani, paniri ina faida ya pili. Jibini nyingi za Ulaya hugandishwa kwa reneti, kimeng'enya kinachotolewa katika tumbo la nne la ndama aliyechinjwa. Wengi hawalijui hilo, na hawatendewi haki pale karatasi ya bidhaa inapoandika neno reneti bila kusema imetoka wapi. Tangu mwaka 1990, Marekani iliporuhusu kimozini, kimeng'enya kilekile cha reneti, inayotengenezwa na vijidudu maabara, sehemu kubwa ya jibini la viwandani haitumii tena ndama, na iko pia reneti ya ukungu. Jibini lililogandishwa kwa ndimu, siki au mtindi halina swali hilo kabisa.

Laktosi huondoka na yale maji ya kijani. Ndiyo maana jibini halina sukari ya kuhesabika, na lile lililokaa miezi kadhaa halina kabisa, kwa kuwa bakteria wamekula masalia. Mtindi hauko hivyo, ingawa wengi hudhani uchachu ni dalili ya sukari kwisha. Bakteria wa mtindi hula robo hivi ya laktosi kisha asidi waliyoitoa huwazuia wenyewe. Kikombe cha mtindi bado kina wanga wa gramu 9 au 10, nusu ya posho ya siku nzima ya mtu aliye kwenye gramu 20. Mtindi wa dukani uliotiwa sukari na ladha ya stroberi haumo hata katika mjadala.

Kuhusu tumbo linalojaa gesi baada ya maziwa, bonde ni mchanganyiko. Watu wazima wengi duniani hupoteza kimeng'enya cha laktesi kinachoivunja laktosi. Utafiti uliochapishwa na Sarah Tishkoff na wenzake mwaka 2007, kwa damu za watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki walipata uwezo wa kunywa maziwa ukubwani kupitia mabadiliko ya jeni yaliyo tofauti na ya Wazungu. Mmaasai wa bondeni na jirani yake mkulima wanaweza kunywa kutoka dumu moja na mmoja tu akaumwa tumbo. Kwa samli na jibini kavu, tofauti hiyo karibu inafutika.

Vyakula visivyo vya maziwa vinavyoingia katika hesabu hii vipo sokoni. Parachichi lina uwiano wa asili unaokaribia nne kwa moja, jambo la nadra katika mimea, na nyama ya nazi inalifuata kwa karibu. Karanga zina 1.4 kwa 1 na ufuta hupita kidogo hapo. Hufaa kusagwa na kuungia mboga, si kutafunwa kwa konzi. Mchicha, matembele, majani ya maboga, mlenda, bamia na nyanya chungu zina wanga kidogo na zinabeba samli nyingi bila kulalamika. Embe, kwa bahati mbaya, linabaki mtini: moja kubwa lina sukari ya gramu 40 au zaidi.

India imekwenda mbali katika njia hii, na ndiko mfano wa karibu zaidi unakopatikana, kwa kuwa mamilioni ya watu wake hawali nyama na jikoni kwao samli na paniri ni vitu vya kila siku. Jaribio la Delhi lililochapishwa mwaka 2013 liliwapa watoto ulaji uliolegezwa: asilimia 52 walipungukiwa na zaidi ya nusu ya vipindi vyao baada ya miezi 3, na kwa walioendelea na chakula chao cha kawaida ni asilimia 11.5. Mwaka 2015 wataalamu wa shirika la kimataifa la kupambana na kifafa walitoa mwongozo wa mambo ya lazima kwa nchi zenye upungufu wa vifaa, na huo uliolegezwa ndio unaofaa zaidi pale ambapo mtaalamu wa lishe ni mmoja au hayupo.

Yasiyoepukika yasemwe wazi. Mafuta ya maziwa yana asidi shibe karibu theluthi mbili, na kwa baadhi ya watu kolesteroli mbaya hupanda sana. Damu hupimwa kabla na baada. Watoto huweza kupata mawe ya figo, kufunga choo na kukawia kurefuka. Jibini gumu lina chumvi ya kutosha kumsumbua mwenye shinikizo la damu. Wapo ambao ulaji huu ni marufuku kwao, wakiwemo wenye kasoro za kuzaliwa nazo zinazouzuia mwili kuchoma mafuta, na mtoto wa namna hiyo anaweza kufa akiwekwa kwenye samli bila kupimwa. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge, akikata wanga ghafla bila dawa kupunguzwa, hushuka sukari hadi kupoteza fahamu. Mama mjamzito au anayenyonyesha haanzi jambo hili kwa hiari yake. Na dawa ya kifafa haiachwi siku chakula kinapoanza: huendelea vilevile, na hupunguzwa na daktari baada ya miezi, kama vipindi vimetulia. Kuiacha ghafla huleta mfululizo wa vipindi usiokatika.

Maziwa mabichi ni hatari ya peke yake. Brusela, ugonjwa wa homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo, hupita kwenye maziwa yasiyochemshwa, na vijidudu vyake huishi ndani ya siagi mbichi na jibini laini. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita humo. Kuchemsha hakupunguzi mafuta hata chembe, wala hakuzuii maziwa kuganda kwa ndimu. Samli, kwa kupitishwa kwenye moto mkali kuliko maji yachemkayo, ni salama zaidi ya vyote.

Malaria huleta maswali mawili katika bonde hili. Mtoto mwenye malaria kali hushuka sukari, na aliye kwenye ulaji wa ketojeniki ana akiba ndogo zaidi. Akihitaji dripu ya glukosi hutiwa bila kusita, hata ikiziondoa ketoni zote, kwa kuwa ketoni hurudi na mtoto harudi. Swali la pili lina jibu jema. Dawa ya mseto ya artemetha na lumefantrini, iliyotumika Tanzania tangu mwaka 2006, hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na mafuta, na wagonjwa huambiwa wainywe na maziwa au chakula chenye mafuta. Mtoto aliyekwisha kula samli anayo tayari. Kinachotakiwa kuangaliwa ni dawa za maji zenye sukari, za kikohozi, za homa au za kifafa chenyewe. Vijiko vichache vya dawa tamu kwa siku vinaweza kuvunja kazi ya wiki nzima, na vidonge vilivyosagwa hushika nafasi yake.

Familia hupima kwa vijiti vya mkojo vinavyogeuka rangi ketoni zikiwepo, na kwa daftari: tarehe, idadi ya vipindi, kilicholiwa. Miezi 3 hutosha kujua kama kuna faida. Pasipo faida, ulaji huachwa. Pakiwa na faida, mtoto huendelea nao kwa kawaida miaka 2, akiongezewa vitamini, madini ya chokaa na maji mengi ya kunywa. Kisha uwiano hushushwa hatua kwa hatua kwa wiki na miezi, nne kwa moja ikawa tatu, tatu ikawa mbili, samli ikipungua kijiko kimoja kimoja. Wali hurudi mwisho, vijiko vichache kwa mlo mmoja, na daftari hubaki wazi hadi bakuli lijae tena.